Wino Mgongoni mwa Namba Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Bahati imeniangukia! Mama wa mchumba wangu, mwalimu mstaafu ambaye hata majirani wazima humwamkia wakiwa wima, amesafiri wiki nzima na kuniachia vyura wake watatu. Wadogo mno, kila mmoja anaenea kwenye kijiko. Wanaishi chumbani kwangu sasa, ndani ya sanduku la kioo lenye udongo, majani na kisahani cha maji. Mwalimu alisema, mwanangu, nikirudi Jumapili nikawakuta wazima, tutazungumza habari ya posa. Nikaweka mkono kifuani. Nikamwambia atawakuta wamenawiri.
Mchumba wangu alinitazama tu. Ni fundi cherehani, amezoea kumpima mtu kwa macho.

Jumanne, 5 Machi
Tatizo. Vyura wote sura moja! Nani amekula, nani hajala? Mimi ni karani wa masjala mwaka wa kumi na moja huu. Kitu kisicho na namba kwangu hakipo. Nimewafungulia majalada matatu, lakini jalada bila namba mwilini lina faida gani? Nikaleta wino wa mihuri kutoka ofisini, na kijiti.
Namba Moja alikimbia. Namba Tatu alinikojolea kiganjani. Namba Mbili alitulia kama mteja wa kinyozi. Nikamwandikia mbili safi kabisa mgongoni, nikapiga na mstari chini yake. Hapo ndipo aliporuka, akajigonga kwenye kifuniko cha waya. Goti likachubuka. Kidogo tu. Nimeandika kwenye jalada: hali ya kawaida.

Jumatano, 6 Machi
Goti limevimba. Ngozi kuzunguka ile namba imekuwa nyekundu. Nilitaka kuliziba sanduku kwa gazeti mtu asione, mchumba akawahi kuingia. Akasema tumwite daktari wa mifugo, yule mwenye ofisi nyuma ya soko.
Yule! Mrefu, mpole, ana pikipiki. Mwaka huu pekee amempelekea mchumba wangu suruali za kupunguzwa mara nne. Mtu mzima gani anazidi kufupika? Nikasema hapana, mgonjwa ni wangu.
Jioni nikakutana naye barabarani. Mchumba alikuwa ameshamwambia. Akanisihi, kaka, usimpake dawa za binadamu, hasa hizi za ganzi. Eti chura hunywa kwa ngozi, ukimpaka kitu ni sawa na kumnywesha. Nikamshukuru sana. Nimemwelewa vizuri mno. Anataka chura afe mikononi mwangu ili yeye aonekane mtu wa maana. Kwa hiyo alichokataza ndicho dawa.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi nilimpaka Namba Mbili dawa ya ganzi ya majeraha. Nyembamba, kama siagi kwenye mkate wa bahili. Nikakaa mkao wa kupongezwa.
Baada ya dakika kumi miguu ikalegea. Nikamgusa, hakujikunja. Nikamgeuza, akabaki amegeuka, tumbo juu. Mapajani wekundu umepanda. Roho ilinipaa. Nakiri hapa, wala si kwa kumwogopa Mwalimu. Ni jinsi alivyokuwa ananitazama, bila lawama.
Nikamsuuza kwa maji ya ndoo, nikamtia kwenye bakuli langu la chakula juu ya kitambaa kibichi, nikaenda kwa daktari. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alilowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu unamchubua chura. Akamwosha polepole, dawa yote na wino karibu wote. Akasema wekundu wa mapajani ni maambukizi yaliyoingilia pale gotini, na siku mbili zitaamua. Akanipa dawa ya matone, tone moja kwa siku. Akauliza nani alimwandika namba. Nikasema alikuja nayo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeomba ruhusa kazini. Nikasema nauguza. Mkuu wa masjala akauliza nani, nikasema mtu wa ukweni. Akanipa pole, akaniambia familia ni kitu kikubwa.
Maagizo ya daktari: mgonjwa akae peke yake ndani ya kopo safi, asiambukize wenzake. Chini karatasi nyeupe iliyoloa, ibadilishwe asubuhi na jioni. Maji ya bomba yakae kwanza ndoo wazi siku nzima, ile dawa ya bomba itoke. Pawe kimya. Asishikwe-shikwe. Nilitaka kuongeza tone la pili ili apone mara mbili, mchumba akanishika mkono.
Mgonjwa hali chochote. Nimemwekea nyungunyungu mdogo mbele ya pua, wakatazamana hadi mchana. Nikamsimulia Namba Mbili habari za masjala, majalada yaliyopotea na yaliyorudi. Mchumba alinikuta hapo. Akacheka. Kisha akavuta kiti akakaa na sisi.

Jumamosi, 9 Machi
Amekula! Alfajiri nyungunyungu hayupo, na hakuna mwingine chumbani wa kushukiwa. Goti limenywea. Mapaja yamerudi rangi yake. Niliruka juu nikagonga kichwa kwenye rafu, na sikujali.
Imebaki alama moja, mkia wa ile namba, samawati kidogo. Nikapata wazo zuri: niwatie na wale wawili alama hiyo hiyo, Mwalimu adhani ndiyo rangi yao. Mchumba ameuchukua wino, ameufungia kwenye droo ya cherehani.

Jumapili, 10 Machi
Mwalimu amerudi. Akavaa miwani, akawaangalia mmoja mmoja. Kwa Namba Mbili akakawia. Akauliza nani katia wino. Ulimi wangu, bila kunishauri, ukajibu kwamba labda ni daktari wa mifugo.
Kumbe daktari alimpigia simu tangu Alhamisi! Namba, dawa ya ganzi, yote anayajua. Akaambiwa pia kwamba nilikatiza soko zima mbio, kiatu kimoja mguuni, nikilia kwa sauti. Hilo sikuliandika hapa kwa kuwa halikuwa na umuhimu.
Mwalimu akasema mimi ni mjinga. Akasema pia kwamba ujinga anauweza, amefundisha miaka thelathini. Lakini mtu wa kukimbia hivyo kwa ajili ya chura asiye wake, huyo hamkuti kila siku. Wazee wangu waje kesho saa nane na posa. Sharti ni moja, niape sitamtibu chura tena kwa mkono wangu. Nikaapa. Mchumba alijifanya anatunga uzi kwenye sindano, lakini uzi haukuingia.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewahi kwa Mwalimu kusaidia kupanga viti. Yuko sokoni mpaka saa sita, mchumba kamfuata. Jogoo wa Mwalimu anachechemea. Nimelitafakari lile sharti neno kwa neno, na jogoo hakutajwa. Nimepata vijiti viwili na gundi ya mbao. Wazee wanafika saa nane. Muda unatosha.