Sifuri za Milangoni

Jumatatu, 7 Juni 2004
Bosi wetu, Mama Pudensiana, kaniita. Orodha ya vyumba kwenye tovuti ya hoteli imekaa ovyo: mgeni akiibonyeza inafunguka 1, 10, 11, 12, halafu ndiyo 2. Mzungu mmoja kaandika kuuliza kama huku tunajua kuhesabu. Ijumaa bosi anateua mkuu wa kompyuta, na cheo kina nyumba Njiro. Agnela wa meza ya pili akadai kompyuta inasoma namba kama maneno, tarakimu ya kwanza kwanza; angerekebisha kwa nusu saa. Kimbelembele. Nikasema kazi hiyo ni yangu. Mke wangu nimeshamwambia tunahama. Keshaanza kugawa vyombo vyetu vya Kaloleni.

Jumanne, 8 Juni
Nimeshinda. Nimeandika 01, 02, 03, mpaka 12. Orodha imenyooka. Agnela akauliza mbona mlangoni imeandikwa 2. Wivu tu. Kisha bosi akauliza hilohilo. Nikamjibu nimeshapanga. Sikuwa nimepanga chochote.

Jumatano, 9 Juni
Nimempata Sifael, mchora mabango wa Kwa Mrombo. Nikamwagiza aongeze sifuri kwenye milango tisa ya mwanzo, nikaenda kula. Kurudi, kamaliza na kaondoka. Nafasi ilikuwa kulia kwa namba, basi naye kaweka kulia. Sasa tuna chumba 20, tuna 50, tuna 90, na 10 ziko mbili. Hoteli ya milango kumi na miwili! Rangi ya mafuta. Mafuta ya taa hayajaitoa.

Alhamisi, 10 Juni
Mzee Ludovick, mjomba wake bosi, alipewa chumba 10. Akaingia 10 ile nyingine, akamkuta mwinjilisti wa kike kajifunga kanga. Mzee wa watu kagoma kulala ndani. Yuko kwenye gari lake, anapelekewa chai hukohuko.

Ijumaa, 11 Juni
Cheo kapewa Agnela. Kaiagiza kompyuta isome namba nzima. Dakika ishirini, nilimtazama. Mimi nimepewa msasa. Nyumbani hatuna hata sufuria. Imeniuma sana.
Lakini nikisugua mlango wa saba nimekiona chanzo. Vyumba vimezidi. Vingekuwa tisa, kompyuta isingekosea kamwe. Jumatatu nampelekea bosi barua: tubomoe vitatu. Agnela simwambii, ataniibia wazo.