Jiwe la Mjerumani Halitembei

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Andika, wifi Faustina. Andika ninavyosema, usininyooshee maneno. Mimi Sabina sikusoma, lakini akili ninazo, na leo nimezitumia.

Mkutano ofisi ya kijiji. Kaja kijana wa sanaa, Lusekelo, Mnyakyusa wa Mbeya, ana rasta na ramani. Ramani ya Mjerumani! Anasema Mjerumani alijikatia shamba hapa juu ya Ilula, akafukuza watu kama kuku, akapanga mawe ya mpaka, kila jiwe na namba yake. Sasa anayatafuta. Akilipata moja, kijiji kitajenga sanaa hapo hapo, watu waje watazame, wazungumze tunavyoishi pamoja leo. Mimi nilidhani anauza dawa ya panya. Nikaanza kusinzia.

Halafu akasema jiwe litajengewa na saruji, lisiondoke milele.

Milele! Usingizi ukaisha. Maana jiwe lipo kwangu! Ndio mpaka wangu na jirani yangu Ng'washi, Mama Kulwa, Msukuma aliyetoka Usangu na ng'ombe wake mwaka ule wa mvua za Elnino. Babu yangu mzaa baba ndiye aliyelibeba, kwa viboko. Na hatua tatu ng'ambo ya jiwe, upande wa Ng'washi, kuna kichaka cha mianzi kinachotoa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, mtamu kuliko wote kata nzima. Mimi Mhehe nanunua ulanzi kwa Msukuma! Babu anageuka kaburini mpaka udongo unatifuka.

Nikanyoosha mkono. Nikaapa jiwe lipo na halijawahi kutikisika.

Hili usiandike, wifi: nimelisogeza mara tatu. Hatua mbili mbili. Na mianzi bado iko kwake. Sijui kwa nini. Hesabu ndiyo sikusoma.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ng'washi kaja, kasimama kwenye maboga yangu, ng'ombe wake nyuma anatafuna majani. Akaniuliza mbwa wake kapotea, je, leo nimepika nini? Utani wao huo kwa Wahehe, eti tunakula mbwa, haujawahi kuchakaa. Nikamwambia amuulize ng'ombe, si ndiye baba mwenye nyumba pale kwake?

Tukacheka. Halafu akasema naye anafurahia saruji. Kwamba jiwe ni jiwe, lilipo ndipo lilipo.

Alitabasamu mno. Sikupenda.

Lakini likamponyoka neno moja, kesho anakwenda mnadani kuuza dume. Ahaa!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya Majivu. Misa asubuhi. Padri akanipaka kwenye paji la uso, akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Mavumbi ya upande gani wa mpaka, hakusema.

Saa nne nikachukua mtaimbo. Wifi Faustina alishika upande wa pili, analalamika kiuno. (Andika, ndiyo, ulilalamika!) Jiwe zito kama dhambi. Tukalibiringisha hatua tano, likapita mianzi. Limepita! Nikafukia shimo la zamani, nikapanda majani, nikamwagia maji. Jiwe lenyewe nikalipaka mavi ya ng'ombe lionekane limezeeka pale. Mavi ya ng'ombe wa Ng'washi mwenyewe!

Nikarudi nyumbani na majivu yangu usoni. Ushindi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Msiba. Sili.

Lusekelo kaja na kidude kinachoongea na setilaiti. Kijiji kizima nyuma yake, na mwenyekiti Liberatus na tumbo lake. Kijana akatazama ramani, akatazama jiwe, akakuna rasta. Akauliza kwa adabu, Bibi, una uhakika na jiwe hili? Nikamwambia mwanangu, jiwe la Mjerumani halitembei.

Akasema basi ngoja tufuate ramani. Akaanza kumwaga chokaa. Mstari ukatoka mbali, ukapita mianzi mbali kabisa, ukapita maboga, ukaja nyumbani kwangu. Ukaingia jikoni! Ukagawa mafiga yangu, mawili kwa Mjerumani, moja kwangu. Ukatokea chumbani. Kitanda changu chote kiko shambani kwa Mjerumani!

Liberatus alicheka mpaka akakaa chini. Ng'washi akaanza kuipima nyumba yangu kwa macho, kama anunuaye mbuzi.

Jiwe limetembea hatua arobaini, akasema Lusekelo. Nani kalisogeza?

Watu wote wakanitazama mimi. Mimi nikatazama mbinguni. Nikasema, babu.

Nikawaambia babu alilirudisha kidogo kidogo, Mjerumani akienda kuwinda, mpaka akaikomboa ardhi ya baba zake. Nimeitunga palepale, nguo za uongo nikamvika marehemu. Halafu nikafikiri. Hatua arobaini! Mimi na hatua zangu nane, tisa, kumi na moja. Nyingine je? Wifi, nikahesabu tena kwa vidole. Kumbe ni kweli! Babu! Damu yangu!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekula. Sahani mbili.

Lusekelo karudi na macho mekundu, anasema usiku kucha hakuwaza kingine ila babu. Akasimama mbele ya watu, akasema aliyelisogeza jiwe lile ni shujaa, alimjibu mkoloni kwa mtaimbo, na jina lake litaandikwa kwenye sanaa.

Ng'washi hakungoja amalize. Akapiga kelele, hata mimi nimelisogeza! Mara nne!

Nikasimama. Nikasema mimi nne pia, na ya juzi ndiyo kubwa! Wifi akaniziba mdomo, kachelewa.

Ndipo nikaelewa. Kila nilipolipeleka kwake, yeye alilirudisha. Lini? Jumapili, mimi nikiwa misani! Nimekaa mbele ya Mungu, mtu ananiibia udongo! Nikamwita mwizi. Akaniita mwizi. Liberatus akatuita wezi wote wawili, akasema mnara wa shujaa tutagawana.

Lusekelo alicheka machozi yakatoka. Saruji kaifuta. Kasema sanaa ni huko kutembea kwenyewe. Tutapanga mawe mapana, mekundu, kila mahali jiwe liliposimama, tangu jikoni kwangu hadi mianzini. Lenyewe litaachwa huru, na kila mwaka nyumba zetu mbili zitakubaliana likae wapi. Na mianzi? nikauliza.

Mianzi iwe ya wote wawili. Tukapeana mikono. Ng'washi ana mkono mgumu huyo!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Uzinduzi! Wametoka mpaka wauza nyanya wa barabarani. Nyayo nyekundu za jiwe zimepita jikoni, wageni wanaingia wananisalimia kamwene, wanapiga picha mafiga. Nimehutubia kwa muda mrefu. Nimemtaja babu mara kumi. Nililia, na yalikuwa machozi ya kweli, yule mzee hakuwahi kupewa hata asante.

Majina yetu yameandikwa kwa duara kwenye ungo uliotundikwa hapo, asiwepo wa juu. Watu walipoinama kusali nikaugeuza kidogo. Sasa yupo.

Tukanywa ulanzi, mimi na Mama Kulwa, kwenye mbeta moja, kikombe cha mwanzi. Kwaresima? Padri alisema tuache kitu. Nimeacha chapati.

Akaniambia dada, tumezeeka vibaya. Nikamwambia tumezeeka pamoja. Kulala nimelala na amani.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo ni mnada. Nikachukua mtaimbo nikalitazame tu jiwe letu. Kutazama si dhambi.

Halipo! Lipo hatua mbili ndani ya kwangu, limepakwa mavi mabichi! Siku tatu, wifi! Siku tatu tangu tunywe mbeta moja! Mtu wa namna gani huyo, anasogeza mpaka wa jirani yake, tena Kwaresima? Hana hofu? Hakusikia hotuba yangu?

Acha kalamu hiyo, Faustina, shika huku. Yeye mbili, sisi tatu.

Haya, andika sasa: nimeshinda.