Nusu ya Kijiko

Mtu akikaa Tunduma miaka mitatu bila kuchangamka, huyo amelala na viatu. Rabson hakulala. Alifagia maabara ya chuo fulani huko Mbeya kwa miezi minane, akaondoka na koti jeupe na neno moja tamu: grafini. Siku alipomsikia Mama Restuta, mkulima wa Isansa, akiulizia betri ya pampu ya shambani, koti likatoka begini.

"Mama, betri zimepitwa na wakati. Hii hapa," akamwaga unga mweusi mezani, "ni kaboni, nyembamba kuliko toba ya mlevi. Ikiwa peke yake imezubaa. Sisi tunaipachika naitrojeni ndani ya tanuru, hapo inachangamka!"

Akagusisha nyaya mbili kwenye unga. Taa ikawaka. Mama Restuta akaitazama taa, kisha kitambaa cha meza kilichoburuza mpaka sakafuni. Meza ya mtaalamu inavalishwa gauni la nini?

"Naitrojeni yenyewe inatoka wapi, mwanangu?"

"Kwenye urea. Lete mifuko ishirini, tugawane nusu kwa nusu."

"Mifuko ishirini inatoa grafini kiasi gani?"

"Kijiko. Lakini kijiko kilichojaa!"

Mifuko ishirini ndiyo ilikuwa mbolea yake yote; ikipotea, mwaka huo havuni mahindi. Akaenda, akarudi kesho yake na sampuli kwenye pindo la kanga. Rabson, ambaye hajawahi kupalilia hata tuta moja, akainusa amefumba macho.

"Naitrojeni tupu hii!"

Ilikuwa chokaa ya machimbo ya Nanyala, iliyochomwa tanuruni na bado haijazimwa kwa maji.

"Haya," akasema mama kwa upole, "nitaleta. Ila kwetu mali haitoki bila rehani. Niachie pikipiki yako, tuandikishane kwa mjumbe."

Kichwani Rabson aliona mifuko ishirini ikivuka kwenda kuuzwa Zambia na kurudi kama pikipiki mbili. Akaandika mwenyewe, kwa mbwembwe: pikipiki itarudi siku grafini itakapowasha taa bila betri ya kuficha wala ya kuonyesha. Mjumbe akagonga muhuri bila kuuliza grafini ni mboga gani.

Mifuko ikaja, imeshonwa vizuri. Ng'ambo, mnunuzi wake, Ba Mulenga, hakunusa kitu. Alichota konzi akatia kwenye kikombe cha maji, maana urea hupoza maji mpaka kikombe kinatoka jasho. Kikombe hiki kikaanza kutokota.

"Awe, hapana, Ba Rabson! Mbolea gani hii inachemsha chai?"

Rabson akapiga simu akihema. "Mama, umeniibia!"

"Nimekuibia nini, profesa? Si ulinusa mwenyewe? Washa taa, uje uchukue pikipiki yako."

Siku hizi yuko kwenye chumba kilekile alichomwashia mama taa, koti limeungua mkono mmoja, anasaga vijiti vyeusi vya penseli na kuvichoma pamoja na urea halisi. Meza haina kitambaa. Juzi, majirani wanaapa, taa ilipepesa kidogo.

Habari zilifika Isansa kabla ya jioni. Mama Restuta akatuma ujumbe: "Hongera mwanangu. Usisahau, nusu ya kijiko ni yangu."