Gari la Mokowe Lililosahau Kuachia Breki

Mokowe, kupitia Lamu
2 Januari 1969

Kwa Bwana Mkuu wa Magari ya Serikali,
Mombasa

Bwana mheshimiwa,

Leo ni Alhamisi, tarehe mbili Januari, nami naahidi kukueleza kila kitu bila kuficha wala kuongeza, hata yale ambayo mama ameniomba niyaache.

Jina langu ni Nerea Wanyama. Baba yangu ni fundi wa pampu ya maji hapa Mokowe. Nimemaliza darasa la saba, na nimeitwa Malindi kwa usaili wa shule ya sekondari, Jumanne ya tarehe ishirini na moja. Mkuu wa ofisi yetu ndogo, Bwana Phineas, aliahidi mbele ya shule nzima kwamba msichana atakayepita atapelekwa na gari la Serikali. Mimi nimepita. Gari ndilo limekataa. Basi la abiria limelala gereji huko Malindi, na ndege ya posta hubeba barua, haibebi wasichana.

Tulipolijaribu gari hilo wiki iliyopita lilinguruma, likatoa moshi, likaburuta magurudumu ya mbele mchangani kama mbuzi anayevutwa sokoni, kisha likazima. Baba aliinama akachungulia, akasema kalipa zimeshika. Uniwie radhi kwa kukueleza unayoyajua: kalipa ni lile koleo la chuma linalobana sahani ya gurudumu dereva anapokanyaga breki, na kuiachia anapoinua mguu. Zetu zimebana na zimesahau kuachia. Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo.

1. Gari halitembezwi. Tangu literemshwe hapa limeegeshwa kwenye mteremko wa gati, limeelekea baharini, ili wageni wanaotoka Lamu walione kwanza. Bwana Phineas husema gari la Serikali si punda wa kutumwa kila mahali. Kila asubuhi huingia, hukaa nyuma ya usukani, akasoma mafaili yake, na boti ikikaribia hupiga honi. Kila mwaka huandika kwamba gari halijaharibika hata mara moja, na hilo ni kweli, kama vile ni kweli kwamba jiwe halijawahi kujikwaa.

2. Gari huoshwa kwa maji ya bahari. Mlinzi wake, Bwana Gharib, alikuwa baharia miaka mingi kabla ya kuajiriwa, na ni mtu mwema sana. Hulimwagia ndoo asubuhi na jioni. Nilipomwuliza kwa heshima sababu yake, alinijibu, "Mwanangu, chombo kisokunywa mai hupasuka." Hayo ni kweli kwa mbao. Kwa chuma, chumvi huingia kwenye kalipa, pistoni ikaota kutu, na koleo likakwama.

3. Bwana Gharib amelikalafati kama jahazi. Mianya yote ya milango na ya sakafu ameishindilia pamba na deheni, yale mafuta mazito ya kuzuia maji yasiingie chomboni, na chini kote amepaka sifa, yale mafuta ya papa. Harufu yake nitaiacha, maana niliahidi kutoongeza. Lakini nimesoma kitabu cha gari, kilichokuwa bado ndani ya karatasi yake, nacho kinasema mafuta hayatakiwi kabisa kugusa sahani za breki.

4. Breki ya mkono imevutwa hadi mwisho tangu siku ya kwanza, kwa hiyo magurudumu ya nyuma nayo yameshika. Juu ya hilo, Bwana Gharib amelifunga gari kwa kamba kwenye jiwe kubwa, akaliita jiwe hilo nanga. Watoto wa Lamu wakishuka botini hutuuliza kama gari letu linaogopa kuchukuliwa na maji. Sisi wa Mokowe tunaona aibu.

Dawa ya haya yote si ngumu. Gari litembezwe kila juma, walau mpaka njia ya Witu na kurudi. Kama hakuna kazi, lichukue wajawazito, na kama hakuna wajawazito, limchukue Bwana Phineas. Lioshwe kwa maji ya kisima. Kila baada ya miezi michache magurudumu yafunguliwe, kutu isuguliwe kwa brashi, mipira inayozuia vumbi itazamwe kama imepasuka, na pistoni zisukumwe ndani na nje mpaka ziende kwa ulaini. Mafuta ya breki yabadilishwe, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa, na hapa hewa yote ni unyevu. Breki ya mkono isivutwe gari likikaa muda mrefu. Na ile nanga iondolewe, kwa sababu gari si chombo cha baharini.

5. Hili la mwisho ndilo mama aliloomba niliache. Nimefikiri kwamba ikiwa chuma kinachokaa pahali pamoja karibu na chumvi hushika, basi huenda ofisi nayo ikashika. Simaanishi kwamba Bwana Phineas ana kutu. Namaanisha kwamba hajaonekana akisogea, na watu hudhani ametulia. Naomba naye awekwe kwenye ratiba ya kutembezwa kila juma, kabla haijalazimu kumfungua.

Nakuomba uagize haya haraka, ili nifike Malindi. Nimejifunza majibu yote, pamoja na mito na majimbo. Wasalimie makarani wako, madereva wako, na mafundi wote wanaolala chini ya magari. Baba anakusalimu, na mama anakusalimu kwa woga kidogo.

Wako mtiifu,
Nerea Wanyama

Nyongeza: Barua hii ilikosa boti ya posta, na kumbe ilikuwa heri. Baba hakungoja agizo. Alifungua magurudumu nikimsomea kitabu, akasugua, akasukuma pistoni, akasafisha sahani, akaachia breki ya mkono, na kwa ombi langu akaifungua ile kamba ya nanga. Kisha tukaenda kunywa chai. Bwana Phineas akaja na mafaili yake, akaingia, akafunga mlango. Magurudumu yalizunguka kwa ulaini ambao sijawahi kuuona, mteremko wote wa gati, mpaka baharini.

Gari halikuzama. Halikuingiza hata tone. Bwana Phineas alielea akipiga honi mpaka kwenye mikoko, na Bwana Gharib akamfuata kwa mtumbwi, akalifunga gari kwa nanga yake. Mafaili yametoka makavu. Bwana Phineas amesema hajawahi kusafiri mbali hivyo tangu aletwe Mokowe, na tangu hapo anatembea kwa miguu, kila mahali.

Bwana Gharib hakunicheka kwa ile kamba niliyoomba ifunguliwe. Amesema tu kwamba sasa ni kaskazi, kwamba pepo hizi zinakwenda Malindi zenyewe, na kwamba anachohitaji ni mlingoti. Basi naomba unijibu kwa posta inayorudi: je, ningoje gari litolewe majini na kukaushwa, au kwa tarehe ishirini na moja nipande lilivyo?