Ufunguo Wangu na Tableti za Rajabu

Jumanne, 4 Juni 2013

Ukungu tangu alfajiri. Magoti yanauma. Saa nane mchana nimefungua chumba cha kusomea, gulio la Soni lilipoanza kulegea, kama ninavyofanya kila Jumanne kwa miaka kumi na tisa.

Chumba kilikuwa cha ushirika wa mboga. Biashara ilipofanywa huria wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, ushirika ukafa. Uliacha mzani mbovu, kabati la vitabu mia mbili na kumi na vinne, na mimi, karani wa mzani. Nikachukua ufunguo kwa sababu hakuna aliyeniambia nisichukue.

Wanawake wakishauza mboga zao huja kukaa kwenye mabenchi na vikapu vitupu, nami nawasomea kitabu kwa sauti. Kila mmoja huacha kitu: kabichi, peasi mbili, fungu la karoti. Ndiyo sehemu pekee duniani ninapoitwa Mwalimu. Nyumbani naitwa Baba Beatha, na mara nyingi siitwi, natumwa tu.

Leo walikuja tisa. Wiki jana ishirini. Waliopungua niliwaona mkabala, kibandani kwa Rajabu, fundi simu. Ameletewa tableti nne na shirika fulani la wafadhili. Ni simu pana zisizo na vitufe. Anasema kila moja ina vitabu mia tatu, na vingine ukivibonyeza vinajisoma vyenyewe kwa sauti ya mwanamke. Mia tatu! Na hakuna hata kimoja chenye harufu ya kitabu.

Niandike na jambo moja humu, kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisoma. Herufi zimepungua. Sisemi macho, nasema herufi. Tangu biashara iwe huria wachapaji wanabana wino. Vitabu vyangu vilichapwa zamani kabla ya hapo, najua, lakini karatasi husinyaa kwa baridi. Kitabu tunachosoma sasa ni cha Tatu, binti wa muuza ndizi aliyeolewa na dereva wa lori. Mara ya mwisho kukiona vizuri ilikuwa mwaka elfu mbili na saba. Ninachokikumbuka nakisoma. Nisichokikumbuka nakisoma pia.

Jumatano, 5 Juni

Mwenyekiti wa kijiji, bwana Hamza, amepita nyumbani. Amekunywa chai yangu, kisha akasema kamati itakaa Ijumaa ya wiki ijayo kuamua nani ashike ufunguo wa chumba. Rajabu ameomba. Anataka kuweka tableti zake humo pamoja na sola.

Nimemwuliza mwenyekiti vitabu vitakwenda wapi. Akasema huenda shule ikavihitaji. Nimemwuliza mimi nitakwenda wapi. Akaomba sukari zaidi.

Usingizi wa mchana umenikataa. Nikikosa ufunguo nitabaki mzee anayechambua maharage mlangoni kwa mkewe. Nimewaona wazee wa namna hiyo. Huanza kwa kuchambua, mwisho wanapewa na kuku wa kulinda.

Nina mpango. Ile tableti inaanza kusoma bila kumwamkia mtu. Sauti ya mwanamke kijana, mbele ya bibi wa miaka sabini na mbili, na hakuna shikamoo! Kesho nitapita nyumba kwa nyumba nikilisema hilo kwa masikitiko.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango ulikwenda vizuri hadi saa tano asubuhi.

Bibi Saumu, mkubwa wa wasikilizaji wangu wote, alikwenda kibandani kwa Rajabu na fimbo yake na kumwambia mbele ya watu kwamba mashine yake haina malezi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya magunia ya viazi. Nilifurahi mpaka magoti yakaacha kuuma.

Rajabu hakubisha. Alimpigia magoti, akasema shikamoo bibi, akamwomba radhi kwa niaba ya mashine. Kisha akarekodi sauti ya mjukuu wa Bibi Saumu mwenyewe, akaiweka mwanzoni. Sasa ukibonyeza, kabla ya kitabu inatoka sauti ya yule binti: shikamooni mama zetu, shikamooni bibi zetu. Bibi Saumu aliitikia marahaba mara nne. Alitaka isemwe tena.

Tangu lini fundi simu akawa na adabu? Mimi mwenyewe sikumbuki kuwaamkia wasikilizaji wangu tangu mwaka jana.

Jumamosi, 8 Juni

Bati la kibanda cha Rajabu linavuja. Mwenyekiti ameagiza tableti zilale chumbani kwangu hadi kamati ikae. Rajabu amezileta zikiwa ndani ya hotipoti kubwa la harusi, akalifunga vizuri na kuniambia asante baba, najua kwako ni salama. Ana tabasamu baya sana, la mtu asiye na hila.

Nimekubali kwa haraka iliyonishangaza mimi mwenyewe.

Mpango wa pili ni ukungu. Ukungu wa Juni umeshaua redio mbili za shemeji yangu na saa ya ukutani ya kanisa. Hautashindwa na kioo. Nimefungua madirisha yote mawili, nikaondoka nikipiga mluzi.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwambia mke wangu kwamba tumbo linauma. Amekwenda kanisani peke yake, akaniachia uji na jicho la mashaka. Nikaenda kukagua uharibifu.

Uharibifu upo. Vitabu vyangu vimevimba. Kabati halifungiki. Rafu ya chini imeshikana, ukivuta kimoja vinakuja sita. Ndani ya hotipoti, tableti ni kavu kama biskuti. Rajabu amezilaza juu ya mchele ili unyonye unyevu.

Nikaketi benchini. Nilichoka kuliko siku tuliyozika ushirika. Kisha nikaona nitoe moja niiwashe hadi chaji iishe, ili Ijumaa imwaibishe Rajabu. Nikakuta Rajabu ameacha kitabu wazi. Ni kile cha Tatu. Nikagusa kioo kwa vidole viwili, bahati mbaya, vidole vikaachana, na herufi zikakua.

Zilikua. Herufi moja kama punje ya hindi.

Nimesoma kuanzia saa nne hadi saa tisa kasorobo. Sikula, sikwenda chooni. Sijasoma kitabu kizima kwa miaka sita. Palepale kwenye benchi nilitoa machozi. Kwanza ni kwa raha ya kuona neno likiwa limekaa mahali pake likinisubiri. Pili ni kwa sababu Tatu anakufa. Sura ya tatu! Homa, siku mbili, wanamzika. Sura kumi na moja zilizobaki ni za dereva na kesi ya lori.

Mimi Tatu nimefika naye sura ya tisa. Amefungua mgahawa Mombo. Ana shamba la tangawizi.

Nimerudisha tableti kwenye mchele. Imebaki na chaji kidogo sana, kwa hiyo kwa upande huo mpango umefaulu.

Jumanne, 11 Juni

Wasikilizaji ishirini na wanne. Wanataka kulinganisha kabla ya Ijumaa, nadhani.

Niliazimia nisiwasomee uongo tena. Nilikuwa na ukweli wote kichwani, mbichi. Nilifungua kitabu kilichovimba, nikakohoa. Bibi Saumu akauliza kabla sijaanza: Tatu hajambo? Jinsi alivyouliza, utadhani ni mtu wa nyumbani kwake aliyeko safarini.

Nimesoma kwamba Tatu ni mjamzito. Pacha.

Walipiga vigelegele. Nimerudi nyumbani na kabichi saba, na moyo mzito.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nikiwa nimechoka, lakini niandike kama ilivyokuwa.

Kamati ilikaa chumbani. Watu walijaa hadi nje kwenye mbao za mzani. Mwenyekiti Hamza akasema tusipoteze muda, kila upande usome kitabu kilekile, watu waamue. Rajabu akabonyeza. Mashine ikaamkia, watu wakaitikia, ikaanza kusoma sura ya tatu. Homa ikaingia. Niliangalia miguu yangu.

Tatu alipozikwa, Bibi Saumu alisimama. Akikasirika huacha Kiswahili, kwa hiyo alisema kwa Kishambaa, nami natafsiri: huyu kijana mashine yake ni mwongo na muuaji, Jumanne tumemwacha Tatu ana mimba ya pacha. Mabenchi yote yakamwunga mkono. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti. Rajabu alibaki ameshika tableti mikono miwili, haelewi amekosea wapi.

Nilikuwa nimeshinda. Kwa dakika mbili hivi nilikuwa nimeshinda kabisa.

Mwenyekiti akasema kitabu kipo, kiamue chenyewe. Akakitoa kabatini, akafungua sura ya tatu, akanipa. Mwalimu, soma.

Ukurasa ulikuwa kijivu, ukungu mtupu. Ningeweza kusema ukweli bila kuuona, nilikuwa nao wote kwa kichwa. Nikamtazama Bibi Saumu. Nikasoma kwa sauti yangu nzuri ya Jumanne kwamba homa ya Tatu ilishuka alfajiri, akaomba uji.

Mwenyekiti akakichukua kitabu, akasoma mwenyewe kimya, kidole kikitembea. Halafu akaniuliza polepole, si kwa ubaya, kama ninauona ukurasa. Nikasema mwanga ni hafifu. Mlango ulikuwa wazi, saa sita mchana, na jua kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mke wangu alikuwa karibu na dirisha, akainamisha kichwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Rajabu akaja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba anaweza kunionyesha namna ya kukuza herufi, ni rahisi baba, vidole viwili tu. Nikamwambia sijawahi kugusa mashine yake na sitaigusa.

Bibi Saumu akauliza swali moja tu: kwa hiyo ule mgahawa wa Mombo umeutoa wapi? Nikasema kichwani. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema basi mimi niendelee Jumanne, pacha wazaliwe, kitabu kikae kabatini kama kinaona uchungu.

Uamuzi wa kamati: tableti zinaingia chumbani. Vitabu vinabaki, vianikwe juani. Ufunguo nitabaki nao mimi, kwa sharti moja. Wataalamu wa macho watakuwa zahanati Jumapili na Jumatatu. Nipimwe, nilete karatasi yao. Nikipewa miwani nitasoma vitabu, na tableti nitazisimamia, Rajabu atanifundisha. Mwenyekiti alisema kamati imefanya hivyo kwa heshima yangu.

Heshima gani? Wanataka kunifanya mtambaji wa hadithi na mlinzi wa simu. Mimi ni mkutubi. Nimetakiwa kufanya mtihani wa kusoma, mimi, karani mstaafu! Vema. Mtihani hufauliwa kwa maandalizi.

Jumapili, 16 Juni

Shemeji yangu Silvano, muuza kabichi, amepimwa leo asubuhi. Nimemkaribisha chakula cha mchana, jambo ambalo halijatokea tangu Krismasi, na nimemwuliza kila kitu.

Herufi za ukutani hazinisumbui, vya mbali naviona hadi vituta vya mlima wa pili. Taabu ni kadi ya kushika mkononi. Ina habari ya mkulima na ng'ombe wake, aya nne, kila aya herufi zinapungua. Silvano ana kichwa kizuri, na alisomeshwa kadi hiyo mara mbili, bila miwani na kwa miwani. Ameikumbuka karibu yote. Ilipobaki mapengo nimempeleka tena zahanati, akadai miwani inambana ili aisome mara ya tatu.

Kufikia jioni nilikuwa nayo yote, neno kwa neno. Mke wangu aliuliza ninanong'ona nini bandani. Nikasema nasali. Akasema ni jambo jema.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefaulu.

Muuguzi kijana, mpole, akanipa kadi na kuniambia baba usione haya, soma unapoweza, ukishindwa acha. Sikushindwa. Nilisoma aya zote nne, ya mwisho nikaisoma kadi ikiwa karibu na pua na kisha mbali, ili aone uwezo. Nilitamani kumpa yule mkulima ng'ombe wa pili, nikajizuia. Muuguzi alishangaa, akamwita mwenzake. Wakasema kwa umri wangu hawajaona macho ya namna hii. Miwani walikuwa nayo, boksi zima, nyingine nzuri kabisa yenye fremu ya kahawia. Nikasema wapewe wanaohitaji.

Wameniandikia karatasi na kuipiga muhuri. Nimeishika njia nzima kutoka zahanati, sikuikunja.

Nyumbani nimempa mke wangu anisomee imeandikwa nini. Akasoma: macho mazima, hahitaji miwani. Akaisoma tena. Akakaa juu ya kinu, karatasi mapajani, akaniuliza kesho nitawasomeaje wale wanawake.

Nimemwambia kama kawaida. Ufunguo ninao.