Siku Nilizomtembeza Katembo

Jumatatu, 7 Julai

Nimepewa cheo! Sista Ronah wa kliniki ya moyo kule Bwera amenitangaza mbele ya watu wote kuwa mimi ni mwenzi wa kutembea wa jirani yangu Katembo. Kila mgonjwa wa moyo amepewa wake. Anasema vidonge peke yake havitoshi. Mgonjwa aliyekata tamaa akitembezwa kila siku, hata robo saa, roho huanza kumrudia. Nikapiga makofi. Kisha akataka kutupima presha sisi wenzi pia. Nikakataa. Presha ni ya wagonjwa.

Kambale amepewa shangazi yake, Bulandina, mwenye miaka sabini na miwili. Huyu Kambale ni mwanajeshi mstaafu na mwenyekiti wa chama chetu cha machela, cha kubeba wagonjwa, hapa Karambi. Mimi ni katibu tu. Aliniuliza kwa sauti ya gwaride nitamtembezaje mtu wakati mimi mwenyewe naenda hata msalani kwa pikipiki. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Uongo mtupu! Msalani huwa natembea.

Nimerudi nyumbani kwa pikipiki.

Jumanne, 8 Julai

Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani. Tangu daktari wa Kasese ampige picha ya moyo na kumwambia umepanuka, Katembo haondoki kwenye kiti chake pale barazani. Kiti cha mbao, mto mwekundu. Chumvi amekatazwa, yeye aliyeuza chumvi ya Kabatoro sokoni Mpondwe miaka kumi na miwili! Viatu vyake amegawa.

Alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na mkewe Esperance na mabegi mawili, hawana ndugu huku. Siku alipoweka bega lake chini ya machela yetu ndipo akawa mtu wa hapa. Gari halipandi kwetu, na mgonjwa mahututi hawezi kukaa kwenye pikipiki. Filimbi ikilia, kila mwanamume anatupa jembe na kuja kumbeba mgonjwa hadi Bwera. Katembo hakukosa hata safari moja.

Leo ameniomba nifute jina lake kwenye orodha ya wabebaji. "Bega yangu imekwisha, ndugu. Mutu asiyebeba, yeye iko muzigo." Nikamwambia kalamu imeisha wino. Nikamsihi tutembee hadi kwenye migomba tu, turudi. Akasema, "Nitatembea niende wapi? Kaburi iko hapa karibu."

Nilitoka pale nimekasirika mpaka machozi yakanitoka. Nani atacheza dama nami akifa huyu? Kichwa kinaniuma. Ni Kambale huyo.

Jumatano, 9 Julai

Mpango wa kwanza. Rahisi! Mtu asiye na kiti atasimama, na aliyesimama atatembea. Nilingoja Katembo aingie ndani kunywa dawa, nikakibeba kiti hadi kwangu.

Hakusimama. Alikaa chini, mgongo ukutani. Kabla sijamaliza chai yangu, Esperance alikuwa mlangoni, amefunga kitenge kiunoni kama mtu anayekuja kupigana. "Bwambale, iko na akili kweli? Mugonjwa anakaa chini kama muhogo!" Mke wangu Gorret alimwonyesha kiti kilipo bila hata kuulizwa. Hivyo ndivyo ninavyoishi.

Nikakirudisha mwenyewe, kupanda mlima. Nimepumzika mara nne. Milima ya Karambi imezidi kuinuka siku hizi. Mara ya tatu Kambale akanipita na Bulandina wake, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mama yule akanisalimia vizuri, hata kuhema hahemi. Akaniuliza kama naumwa!

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya soko. Mpango wa pili. Nilimwambia Katembo kuna mtu amechukua nafasi yake Mpondwe, na anawaambia wateja kwamba Katembo alishazikwa.

Akasimama! Uso ukapata damu. Akatukana kwa lugha tatu. Nikasema moyoni, Sista Ronah, njoo uone! Kisha akamwita mtu wa pikipiki, akapanda, akaenda zake. Hatua alizopiga ni saba. Nilizihesabu.

Amerudi jioni, kwa pikipiki ileile. Hakuna aliyechukua nafasi yake. Akina mama wauza chumvi wamemwekea jiwe mahali pake mpaka atakaporudi. Alipokuwa akinisimulia alilia, na mimi nikatazama pembeni. Kisha akarudi kitini, akasema lile jiwe wamemwekea maiti. Nimechoka na mtu huyu!

Jumamosi, 12 Julai

Nilikuwa nasoma katiba ya chama, natafuta kifungu cha kumtoa Kambale kwenye uenyekiti. Sikukipata. Nimepata kitu bora zaidi. Kifungu cha nne: asiyeweza kubeba atatembea nyuma ya machela mpaka mwisho wa safari, na asiyetokea kabisa si jirani yetu.

Si jirani yetu! Katembo hawezi kuvumilia neno hilo. Sasa kinachotakiwa ni mgonjwa. Na mgonjwa huyo ni mimi.

Kuna kifungu cha tisa, ni kweli. Mgonjwa wa uongo atachinja mbuzi na kuwalisha wabebaji wote. Kifungu hicho nilikiandika mwenyewe, kwa sababu ya Kambale na ule mgongo wake wa uongo wa mwaka juzi. Nina mbuzi mmoja tu. Lakini nani atajua?

Jumapili, 13 Julai

Nimefanya mazoezi ya kuanguka nyuma ya jiko. Gorret ameniona. Nikamweleza mpango wote. Amesema ametoka kanisani sasa hivi na hawezi kusema uongo kwa ajili yangu. Atapiga filimbi tu, maneno nijisemee mwenyewe. Mbuzi naye alikuwa akinitazama.

Jumatatu, 14 Julai

Nilianguka saa mbili asubuhi, vizuri sana, mkono kifuani. Gorret akapiga filimbi.

Walikuja kumi na sita. Mkono wa Kambale ulikuwa wa kwanza kwenye mianzi ya machela. "Wewe, shika huku! Inua! Songa! Acha maneno!" Walilalamika kwamba mimi ni mzito. Nilinung'unika kama mgonjwa, huku nimefungua jicho moja. Njia hupanda kwanza hadi kwa Katembo, ndipo iteremke Bwera. Tulipopita barazani kwake, kiti kilikuwa kitupu!

Alikuwa nyuma yetu. Ana fimbo mkononi, amevaa malapa ya Esperance, na Esperance yuko ubavuni mwake. Kutoka hapo hadi Bwera ni nusu saa ya mteremko, na hupumzika mara tatu kubadilishana mabega. Mapumziko ya kwanza Katembo akaniinamia. "Usikufe, Bwambale. Mimi ndiye wa kukufa. Usinipite." Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Lakini Kambale alikuwa karibu.

Mapumziko ya pili Kambale akavua filimbi shingoni mwake na kumvika Katembo. Akamwamuru aende mbele afungue njia. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo! Wazo lilikuwa langu, na sifa zimekwenda kwa Kambale! Katembo alitangulia akipiga filimbi mpaka masikio yangu yakauma. Mbuzi walikimbia, pikipiki zikakaa pembeni. Tulipofika chini alikuwa anaimba. Mimi mianzi ilikuwa imenikata mgongo, na mgonjwa haruhusiwi kufurahi.

Kliniki. Nilimkonyezea Sista Ronah jicho. Hakukonyeza. Alinipima presha, akanipima tena mkono wa pili. 178 kwa 110. Nikamvuta karibu, nikamnong'oneza kwamba huu ulikuwa mpango tu wa kumtembeza Katembo. Akasema mashine haikuambiwa habari za mpango.

Kambale akasikia nusu yake. Akauliza, mbele ya watu kumi na sita ambao hawajala, kama mimi ni mgonjwa wa kweli au mgonjwa wa uongo. Wote wakanitazama. Niliwaona wazi wanamfikiria mbuzi wangu.

Nikasema ni mgonjwa wa kweli. Sana.

Sista Ronah akaandika jina langu kwenye daftari lake la wagonjwa. Akamgombeza Katembo kwa kutembea nusu saa badala ya robo bila kumwuliza yeye, kisha akamsikiliza moyo na kumwambia uko sawa, aendelee polepole. Katembo alinishika mkono mlangoni. "Jina yangu, usiifute." Nikamwambia sikuwahi kupata kalamu yenye wino. Nikapenga kamasi. Ni vumbi.

Jumatano, 16 Julai

Matatizo.

Mwenzi wangu wa kutembea ametangazwa. Ni Katembo. Amefika saa kumi na mbili asubuhi, jana na leo, na viatu vyake amevidai tena kwa aliowagawia. Ana filimbi. Anaipiga dirishani. Gorret anamfungulia, na anapika maharagwe yasiyo na chumvi huku akiimba. Ijumaa Katembo atakwenda sokoni kuondoa lile jiwe mwenyewe. Anasema atakuwa amerudi kabla ya jua kali anitembeze. Bulandina ameomba tusiungane naye, maana anahofia tutamchelewesha!

Lakini ameniletea kile kiti. Anasema hana kazi nacho tena. Nimekikalia tangu asubuhi. Mto ni laini, mikono inapata pa kukaa, na mtu anaona migomba yote bila kuhama. Sasa namwelewa kabisa.

Leo nilimwuliza nitatembea niende wapi. Alicheka mpaka akashika nguzo.

Sawa, acheke. Nimeshapata mpango. Kesho nitasema goti limeteguka, siwezi kukanyaga, lazima nibebwe. Presha nimejifunza: ina mashine. Goti halina.