Bima ya Nyumba ya Ziwani

Mkurugenzi hakuwahi kuongoza chochote maishani isipokuwa mazungumzo. Jina alilipata mtaani kwa sababu ya tai, ambayo hakuivua hata alipotumwa nyanya. Asubuhi hiyo alikuwa ndani ya duka la fotokopi akipunga upepo wa feni ya watu, na masikio yakamsimama.

Mbele yake kwenye foleni, mzee mwenye miwani alikuwa akibishana na mkewe.

"Tununue bima ya safari," alisema mzee.

"Ya nini? Nyumba ya ziwani tumeshalipa. Wiki nzima, vyumba vitatu, na mpishi juu."

"Nikiugua je? Mwenye nyumba amesema hela hairudi."

"Basi usiugue."

Mtu mwenye adabu akisikia wanandoa wanabishana hujifanya anasoma matangazo ukutani. Mkurugenzi alisogea karibu.

Tumtendee haki: shida alikuwa nayo. Mkewe, msusi hodari, aliahidiwa likizo siku ya harusi na alikuwa bado anaisubiri. Sasa mama mkwe amekuja kujionea mwenyewe, na kauli imeshatoka: mwezi huu usipoisha na likizo, mama na binti watafunga mizigo warudi kwao, na Mkurugenzi atabaki na tai yake. Alimpenda mkewe. Hilo lilikuwa jambo la kweli pekee alilokuwa nalo, na wazo la nyumba isiyo na sauti yake lilimtia hofu.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," alisema. "Samahani kuingilia ya ndani, ila leo Mungu amenipanga foleni moja na nyinyi. Mimi ni wakala wa bima za safari."

Alitoa kadi. Ilichapishwa duka hilohilo, kwa mkopo, na mwenye duka akageukia mashine yake ili asicheke.

Walikaa kwenye benchi la nje. Mzee alionyesha picha za nyumba: baraza pana, majani yaliyokatwa vizuri, maji ya ziwa hatua chache kutoka mlangoni. Mkurugenzi alizitazama kwa uso wa mtu aliyeletewa majibu ya maabara.

"Nzuri. Na hapo ndipo tatizo linapoanza," alisema. "Mzee, presha unayo?"

"Kidogo."

"Kidogo! Mteja wangu mmoja alikuwa nayo kidogo. Alifika ziwani akiwa mzima, akarudi amelazwa kiti cha nyuma. Hakuwa na bima. Mjane wake hadi leo ananipigia simu, analia tu."

"Sasa, mwanangu," mama akauliza, "hiyo bima yako inalipia nini hasa?"

"Ugonjwa, ajali, begi kupotea, gari kuharibika, mvua kuzidi, mvua kukosa."

"Na tukifika tukakuta nyumba yenyewe haipo?"

Mkurugenzi alicheka kwa heshima, kama anavyochekwa mtoto wa mteja. "Hapana mama, hilo hatuliweki. Mtu mzima na akili zake atalipia vipi nyumba ambayo haipo?"

"Nauliza tu," alisema mama.

Akaendelea kuwatisha, maana mdomo wake ukishawaka hauna breki. Alipofika kwenye habari ya wagonjwa wanaovushwa ziwa kwa mtumbwi kutafuta daktari, mzee alishika kifua.

"Siendi," alisema. "Sitaki bima wala nyumba. Nataka kwenda kulala kwangu."

"Umeona sasa?" Mama alimgeukia Mkurugenzi, macho yamelowa. "Umemtisha mume wangu. Nyumba imelipwa na hela hairudi. Nani atatuokoa?"

Wakala mwaminifu angeomba radhi. Mkurugenzi aliliona baraza pana, akamwona mkewe amenyoosha miguu juu yake, na mama mkwe kando akitafuna maneno yake yote.

"Kwa huruma tu," alisema, "naweza kuichukua mimi. Ila kwa nusu bei."

Mama alilia. Mkurugenzi akashusha hadi chini ya nusu. Mama akalia zaidi, kisha akampa ufunguo wenye kibao cha mbao na kumwelekeza njia. Pesa alizowapa zilikuwa akiba ya mkewe, aliyoiazima bila kumwambia, na alijiona amewanyoa wazee wa watu bila maji.

"Na wewe, mwanangu," mama aliuliza akifuta machozi, "hutachukua bima?"

"Mimi? Bima ni ya waoga, mama."

Jumamosi walishuka kwenye basi: Mkurugenzi, mkewe aliyevaa gauni jipya, na mama mkwe na begi lisilobebeka. Nyumba ilikuwepo, baraza na majani na ziwa lake. Mke aliufunika mdomo kwa mikono, akamwita "mume wangu" mbele ya mama yake. Mkurugenzi aliuingiza ufunguo kwenye geti. Haukuzunguka.

Mlinzi alichungulia kwenye kidirisha, akaiona tai.

"Wewe ni wa bima?" aliuliza.

"Umejuaje?"

"Wote wanaokuja na ufunguo huo ni wa bima. Hapa ni kwa jaji mstaafu, hapapangishwi. Wale wazee hawamfuati mtu. Wanabishana tu kwenye foleni, wakala anajileta mwenyewe." Alisema bila ubaya. "Mama alilia?"

"Sana."

"Hulia vizuri yule."

Mke alilitazama baraza, kisha akamtazama mumewe. Ni mama mkwe aliyeuliza, kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko matusi.

"Mkwe, si unauza bima wewe? Hii haina bima?"

Kwa mazoea, Mkurugenzi alirekebisha tai na kufungua mdomo kueleza kwamba nyumba isiyokuwepo haimo kwenye bima. Aliufunga katikati ya neno. Basi la kurudi lilikuwa linageuza. Mke alishika upande mmoja wa begi, mama yake upande wa pili, wakapanda bila kuangalia nyuma.

"Lete huo ufunguo," alisema mlinzi, akinyoosha mkono kidirishani. Nyuma yake, ukutani, funguo nyingine zilining'inia kwenye misumari, kila moja na kibao chake cha mbao. "Msumari wako ninao."